Aliyemaliza Maziwa ya Mama Yangu

Klabu ya kutembea ya Garissa ni yangu. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi ukiulizia mjini utaelekezwa kwa mwalimu wa jiografia kutoka Kirinyaga, mwenye buti za ngozi na mikongojo miwili ya kukunja, na mimi utaambiwa ni "yule mama mwingine". Mama mwingine! Nilipoianzisha klabu, mwalimu huyo hakujua Garissa iko upande gani wa ramani, na ramani ndiyo kazi yake.

Niliianzisha kwa ajili ya sukari. Daktari aliniambia nitembee. Nikamjibu kwamba mimi ni binti wa wafugaji, kutembea kumo damuni. Akasema damuni mwangu yeye ameona sukari tu. Basi nikawakusanya majirani zangu wa mtaa wa Galbet, wanawake wa makamo kama mimi, mmoja muuza nguo, mwingine karani mwenzangu wa kaunti, wengine wenye vibanda vyao. Tukawa tunatoka Jumamosi baada ya swala ya alfajiri, buibui juu, raba chini, tukifuata njia za mbuzi kuelekea mto Tana.

Mji ulitucheka. Kwetu mtu hutembea kwa sababu: anafuata malisho, anatafuta mnyama aliyepotea, au anakwenda kuzika. Kutembea ili urudi ulipotoka ni dalili ya mtu wa kuombewa dua. Siku ya kwanza wazee waliokuwa wakinywa chai nje ya hoteli walituona tukipita kwa kasi, na mmoja mwenye ndevu za hina akaweka kikombe chini.

"Nani amefariki?" aliuliza.

Nikamwambia hakuna.

"Basi ngamia wa nani amepotea?"

Nikamwambia hakuna ngamia aliyepotea.

"Sasa mnakwenda wapi?"

Nikasema tunakwenda mpaka mtoni, kisha tunarudi. Mzee alitutazama kwa huruma, akamgeukia mwenzake na kusema joto la mwaka huu limewapanda watu vichwani.

Nilivumilia. Nilivumilia miiba ya mathenge inayotoboa soli mpaka ikufikie kisigino. Nilivumilia twiga wa nje ya mji waliosimama kututazama kama waume waliocheleweshewa chai. Polepole tukaongezeka. Tukawa na grupu ya simu, jezi za kijani za kuvaa juu ya buibui, na kofia za kuvaa juu ya mitandio. Tukaanza kulala porini, tukibeba birika, unga na mikeka. Mwenyekiti nilikuwa mimi, na hakuna aliyepiga kura kwa sababu hakukuwa na haja.

Kisha akaja mwalimu. Alikuwa amehamishiwa shule ya wasichana mjini, na mtu fulani, ambaye nikimjua nitamtoa kwenye grupu, akamwambia kuna wanawake wanaotembea. Alikuja amevaa suruali chini ya gauni refu, na mtandio ameufunga vibaya, ncha zinaning'inia kama masikio ya mbuzi. Kabla hajamaliza kusema salaam aleikum wanawake wangu wote walikuwa wamemzingira wakimfunga mtandio upya. Nilisimama pembeni nikishika begi langu. Mtandio wangu mimi ulikuwa umeteleza tangu tulipotoka nyumbani na hapakuwa na aliyeuona.

Alikuwa amepanda Mlima Kenya mpaka kwenye barafu. Alitufundisha kunyoosha misuli kabla ya kuanza, kupumua kwa pua, kukanyaga kwa kisigino kwanza. Nilikuwa nimekanyaga ardhi hii maisha yangu yote bila kuambiwa nianze na kisigino. Na wale wazee wa chai, wale waliotuuliza nani amefariki, sasa walimwinulia vikombe. "Mwalimu, safari njema!" Mimi nilipita nyuma yake, hakuna kikombe kilichoinuka.

Niliona wivu. Sitazunguka mbuyu. Niliona wivu asubuhi nikifunga kamba za raba na jioni nikizifungua. Wanasema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Uongo mtupu. Mimi niliushiriki miezi na miezi na mzani wa daktari haukusogea.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba alikuwa mtu mwema. Angekuwa na kiburi ningepumzika. Lakini alikuwa akiniita Mwenyekiti kwa heshima, akinisubiri kwenye mchanga mzito, akinigawia maji yake. Mtu akikupa maji ukiwa na kiu, utamchukia kwa njia gani? Nilitafuta njia.

Ndipo nikapanga safari ya Tarbaj.

Tarbaj ni kwetu, juu huko Wajir, ambako mama yangu bado anaishi na mbuzi wake na ngamia wachache anaoshirikiana na jirani. Nchi yetu ni tambarare mpaka inachosha macho, lakini Tarbaj kuna kilima. Na mimi nilizaliwa chini ya kilima hicho, njiani, watu wakiwa wanahama. Hilo ndilo pekee nililokuwa nikilijua. Mahali penyewe sikuwahi kupaona. Tangu nilipopelekwa shule ya bweni, kisha kazi, kisha ndoa, kila nilipokwenda kumsalimia Mama nilimwambia anipeleke pale aliponizalia, na kila mara alijibu neno lile lile: inshallah. Inshallah ya mama yangu inaweza kumaliza kizazi. Magoti yake yanazeeka, na nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba atazikwa pamoja na siri ya mahali pale. Kwa hiyo nikafikiri, nikienda na kundi zima la wanawake wenye jezi, waliokuja kupanda kilima, hawezi kukataa. Atatangulia mbele, mimi nitakuwa kando yake, na wengine wote, pamoja na buti za ngozi, watafuata nyuma.

Mcheza kwao hutunzwa. Niliirudia methali hiyo moyoni njia nzima, nikiwa kiti cha nyuma cha gari la kukodi, kwa sababu kiti cha mbele, changu, alikuwa amepewa mwalimu. Alisema tumbo linamchafuka akikaa nyuma. Tulilala Wajir mjini, tukaingia Tarbaj asubuhi jua likiwa bado na adabu.

Lazima nieleze kuhusu maziwa, kwa maana kila kitu kilitokea ndani ya chombo cha maziwa. Kwetu mgeni akifika haulizwi habari akiwa amesimama. Anaketishwa, anapewa maziwa, na akishakunywa ndipo habari zinaanza. Maziwa huja katika dhiil, chombo cha kusuka kinachofukizwa moshi ili yasiharibike, na mgeni ndiye wa kwanza. Lakini mgeni aliyelelewa hamalizi. Anabakisha kidogo chini kwa ajili ya watoto wa nyumba, kwa sababu anajua wamejificha nyuma ya pazia wanamtazama. Nilipokuwa mdogo nilitazama makoo ya wageni wengi. Kikoromeo kinapanda, kinashuka, kinapanda tena, na sisi ndugu tunaomba kimoyomoyo: Ya Allah, achoke. Kile kilichobaki ndicho kilikuwa chetu, na sijanywa kitu kitamu kama kile tena.

Mwalimu hakuyajua haya. Ningeweza kumwambia garini. Njia ilikuwa ndefu na nafasi zilikuwa nyingi. Sikumwambia.

Mama alitupokea mlangoni kwa mkono juu ya nyusi. Alinibusu, akawabusu wote, kisha akamwona mgeni wa mbali na uso wake ukabadilika, ukawa uso wa mtu aliyeletewa zawadi. Kiswahili cha Mama ni cha sokoni, alikiokota akiuza mbuzi. P kwake ni b na v ni f, na ngeli zote ni ndugu.

"Karibu, karibu. Wewe natoka mbali, bole. Kaa haba. Kunywa kwanza."

Mwalimu akaketi mkekani, akaipokea dhiil kwa mikono miwili, akanywa. Akaendelea kunywa. Wanawake wangu walitazamana. Nilikiona kichwa chake kikienda nyuma, na nyuma zaidi, mpaka sehemu ya chini ya chombo ikatazama dari, na moyo wangu, Mungu anisamehe, ulifurahi kama siku ya Idd. Hatimaye! Mpanda barafu ameteleza. Akashusha chombo kitupu, akapangusa mdomo. "Asante, Mama. Ni matamu sana."

Nilisubiri Mama akunje uso. Mama alichungulia ndani ya dhiil, akaigeuza juu chini, hakuna tone lililodondoka. Akapiga makofi.

"Mashallah! Hii si mgeni! Hii mtoto ya nyumba. Mgeni naogoba, naacha. Hii imemaliza yote kama mtoto. Karibu nyumbani, hooyo."

Hooyo! Kwetu mama humwita mtoto wake kwa jina lile lile ambalo mtoto humwita yeye. Hooyo ni mama, na hooyo ni mimi. Nimelisikia neno hilo tangu nikiwa mgongoni mwake, na sasa lilikuwa limemwangukia mtu aliyekuja na mikongojo ya kukunja. Dhiil ilipojazwa tena na zamu yangu kufika, nilikunywa kwa adabu yote niliyofundishwa katika nyumba ile ile, nikabakisha kiasi kinachostahili, nikamrudishia chombo kwa mkono wa kulia. Mama alichungulia ndani. Akaiweka kando.

Kisha akachukua fimbo yake. Nikasimama haraka, nikaiweka sawa jezi, nikasogea kando yake. Lakini Mama alikuwa amekwisha kumshika mwalimu mkono.

"Twende, mimi naonyesha wewe mlima. Naonyesha mahali nilizaa huyu mkubwa."

Huyu mkubwa nilikuwa mimi. Nilifuata nyuma.

Sikuamini kasi ya magoti yale. Mimi niliyasikitikia mwaka mzima, na sasa yaliruka mawe kama ya mwanambuzi. Njia ilipoanza kuinuka mwalimu alimwachia Mama mkongojo wake mmoja, Mama akamwachia fimbo yake, wakabadilishana kama wasichana wanaobadilishana bangili. Wanawake wangu walikuwa wakipiga picha. Karani mwenzangu aliniita dada kwa lugha yetu, akanong'ona, "Abaayo, mama yako leo amepata dada." Nikamwambia aangalie anapokanyaga. Aanze na kisigino.

Walisimama kwenye jiwe kubwa lililoinama, kivuli chake kikitosha mtu mmoja. Nilifika nikihema. Mama alikuwa ameketi chini ya jiwe, mwalimu kando yake, na hapakuwa na nafasi ya tatu. Basi nikasimama juani, na hadithi ya kuzaliwa kwangu, niliyoisubiri tangu utotoni, niliisikia kwa Kiswahili cha sokoni, ikisimuliwa kwa mtu mwingine.

"Haba. Haba ndio mimi nilizaa. Mfua imekataa, watu nahama. Ngamia iko mbele, mimi iko nyuma, tumbo nauma. Naambia wanawake, nyinyi enda, mimi nabumzika kidogo kwa kifuli." Mama alicheka, akampiga mwalimu begani. "Kubumzika gani! Nimeingia kwa kifuli mtu moja, nimetoka watu wawili."

"Peke yako, Mama?" mwalimu aliuliza. Machozi yalikuwa yanamlenga. Machozi yangu, kwa haki kabisa.

"Na Mungu. Wanawake narudi, nabiga kelele, nauliza, umetoa wabi huyo? Mimi nasema, nimeokota kwa mlima. Maziwa hakuna, ngamia moja tu ndio natoa. Wao nakamua, naletea mimi dhiil, nasema kunywa yote. Usiache. Leo hakuna mgeni, leo ni wewe na mtoto. Basi nikamaliza. Mimi mtu mkubwa, nikamaliza yote kama mtoto."

Wanawake walikuwa wameshusha simu zao. Mimi ndiye niliyesema, tena kwa Kisomali, ili mwalimu asipate na hili. "Hooyo, miaka yote hii nimekuuliza. Mbona hukuniambia mimi?"

Mama aliniinulia macho. Kwa Kisomali mama yangu hana kosa hata moja. Maneno yake yamekaa kama mawe ya kisima.

"Uliniuliza," alisema. "Kila ulipokuja uliniuliza, umesimama mlangoni, funguo za gari mkononi. Wewe umemwona nani akimpa habari mtu aliyesimama?"

"Nina kazi, hooyo. Kazi hiyo ndiyo iliyokuletea tangi la maji."

"Tangi nimelishukuru," alijibu, akageuka kumwonyesha mwalimu njia ya kwenda juu.

Walipanda mpaka kileleni. Mimi nilisema raba zinanibana, nikabaki kwenye jiwe. Walipopotea nyuma ya vichaka niliingia kivulini nikaketi. Jiwe lilikuwa baridi kwa ndani. Nilipapasa mchanga pale alipokuwa amekaa Mama, kisha pale alipokuwa amekaa mwalimu, na hapo pa mwalimu nikapafuta kwa kiganja mpaka alama ya suruali yake ikaondoka. Nililia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Juu nilisikia wanawake wangu wakipiga vigelegele kwamba wamefika.

Waliporudi mwalimu alikuwa amenyong'onyea. Mmoja wa wanawake alikuwa amemweleza huko juu habari ya kubakisha maziwa. Alinifuata nyuma nikishuka. "Mwenyekiti," alisema, "nimeaibika sana. Mbona hukunikanya?" Nikamwambia wageni husamehewa. Akaniomba radhi mimi, kana kwamba maziwa yalikuwa yangu. Sikumwambia kwamba ndivyo nilivyohisi.

Jioni, tulipokwisha kuswali magharibi, jirani alileta maziwa ya ngamia yakiwa bado na povu. Tuliketi duara uani kwenye mikeka, Mama katikati. Kesho yake tulikuwa tunaondoka mapema na kila mtu alilijua hilo. Safari hii Mama alinipa dhiil mimi kwanza. Niliiona heshima hiyo, na nilinyoosha mgongo ili mwalimu naye aione. Nikanywa. Yalikuwa na vuguvugu, yana harufu ile ya moshi ya nyumba yetu. Nilikunywa mpaka niliposikia uzito wa chombo umepungua kama inavyotakiwa, nikaacha hapo hapo bila hata kufikiri, nikamrudishia.

Mama alichungulia ndani.

"Umemwachia nani?" aliniuliza kwa Kisomali.

"Watoto," nilisema.

"Watoto gani?"

Niligeuka kutazama pazia la mlango. Lilikuwa limetulia. Ndugu zangu waliokuwa wakisimama nyuma yake, mmoja ana duka Liboi, mmoja yuko ng'ambo, na mdogo wetu tulimzika. Hapakuwa na mtoto katika nyumba ile tangu sisi tulipokuwa watoto.

"Kila ukija unaniachia," Mama alisema. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Unakunywa kama mpita njia, unashukuru, unaondoka. Gari likishapotea mimi nakaa hapa nakunywa mabaki ya binti yangu. Nimewanyima nini watu wa Garissa mpaka wakakufanya mgeni wangu?"

Wanawake wangu walitazama mikeka. Mwalimu hakuelewa neno hata moja, lakini alielewa kwamba kuna jambo.

Mama akapangusa ukingo wa dhiil kwa shali yake, akanyoosha mkono kunipita.

"Chukua, hooyo," alimwambia mwalimu kwa Kiswahili. "Wewe nalibenda maziwa. Maliza."

Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili, kama asubuhi. Hakunywa. Alinitazama mimi juu ya ukingo wa chombo, kwa macho ya mtu anayeomba ruhusa, macho yale yale mema, akisubiri Mwenyekiti amwambie kama ni halali.

Nilimpokonya.

Nasema nilimpokonya, sikumwomba. Nilivuta kwa nguvu mpaka povu likarukia jezi yake na yangu. Nikainua dhiil kwa mikono yote miwili, kichwa nyuma, koo wazi mbele ya watu, mimi mtu mzima wa kaunti mwenye sukari, na nikanywa. Yalinipita pembeni mwa mdomo, yakateremka shingoni, yakaingia ndani ya buibui. Nilisikia mmoja wa wanawake akisema astaghfirullah.

"Polepole, hooyo," sauti ya Mama ilisema, kwa Kisomali. "Hakuna anayekunyang'anya."

Yupo, nilitaka kumwambia. Ameketi hapo, ana buti. Lakini mdomo wangu ulikuwa na kazi. Niliigeuza dhiil mpaka sehemu ya chini ikatazama nyota za mwanzo, nikagonga chini yake kwa kiganja kama tulivyokuwa tukifanya nyuma ya pazia. Mwalimu alianza kucheka, na Mama naye akacheka. Niliwaacha wacheke. Sikumwachia mtu hata tone.